Embarambamba: Mbona Anaruka Hivyo?

Ukisikia Embarambamba, akili inaenda kwa matope kwanza, wimbo baadaye. Jina lake halisi ni Christopher Mosioma, msanii wa injili kutoka Gusii.

Hesabu ni hivi: ukiimba Ekegusii, mashabiki wengi utawapata Kisii na Nyamira. Lakini kupanda mti ama kugaagaa kwa tope? Hata msee wa Mombasa anaelewa bila kutafsiriwa. Ndio maana video zake zilibamba nchi nzima.

Shida, watu wakishazoea tope, lazima uwaletee kali zaidi. Mwaka 2024, KFCB, bodi inayokagua filamu, ilimwagiza aondoe nyimbo ilizoona hazina adabu.

Sasa niambie ukweli: kuna wimbo wake mmoja unaweza kuimba hadi mwisho?