Mimba Zinapoharibika, Tuikumbuke na Tezi ya Shingo

Mwanamke akiharibikiwa na mimba mara ya kwanza hupewa pole. Ikitokea mara ya pili au ya tatu, minong'ono huanza: karogwa huyo, ama alitoa mimba ujanani. Mume naye hushauriwa aoe mwingine. Ni wachache wanaokumbuka kuuliza habari za tezi ya shingo.

Tezi hiyo ina umbo la kipepeo na imekaa mbele ya koo. Hutengeneza homoni zinazouwezesha mwili kutumia chakula na kupata nguvu. Katika wiki 12 hivi za mwanzo, mtoto aliye tumboni hutegemea homoni za mama yake. Zikipungua mno, mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa akiwa amekufa au akili yake imedumaa. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi nayo huhatarisha mimba.

Sababu mojawapo ni upungufu wa madini joto. Katika Nyanda za Juu Kusini, rovu lilikuwa jambo la kawaida. Miaka ya 1980 Serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na miaka ya 1990 ikaagiza chumvi itiwe madini hayo. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku. Basi nunua chumvi yenye madini joto, ifunike vizuri, na itie chakula kikikaribia kuiva.

Lakini chumvi si dawa ya kila tezi. Wapo wanawake ambao kinga ya miili yao huishambulia tezi yenyewe. Hawa huenda wasiwe na rovu kabisa, bali uchovu, kuhisi baridi na hedhi kuvurugika. Kipimo cha damu ndicho hufichua tatizo, na vidonge vya kila siku hurudisha homoni zilizopungua. Anayevitumia asiviache akishika mimba. Amwone daktari mapema, kwani mara nyingi huhitaji kuongezewa dozi.

Si kila mimba inayoharibika imeharibiwa na tezi. Sababu ni nyingi, na nyingine hazimhusu mama hata kidogo. Ila aliyepoteza mimba zaidi ya moja ana haki ya kupimwa kabla ya kulaumiwa. Mawifi na wakwe, acheni vidole. Nawe mume, badala ya kutafuta mke mwingine, msindikize mkeo hospitali.