Daktari, mgonjwa na sheria mjini Sydney

Katika kitongoji cha Kensington, mjini Sydney, Chuo Kikuu cha New South Wales hufundisha udaktari na sheria katika eneo moja. Kwa magonjwa ya akili, taaluma hizo mbili hazitenganishiki.

Chanzo kimojawapo ni hospitali ya binafsi ya Chelmsford, kaskazini mwa jiji. Kati ya mwaka 1963 na 1979, wagonjwa walitiwa dawa za usingizi mzito kwa siku nyingi mfululizo, wengine bila ridhaa yao. Watu 24 walifariki dunia. Tume ya Kifalme ilitoa ripoti mwaka 1990, wakati Daktari Harry Bailey, aliyeiongoza tiba hiyo, alikwisha kufariki miaka 5 kabla.

Sheria ya jimbo ya mwaka 2007 inaipiga marufuku kabisa tiba hiyo. Daktari anaweza kumzuia mgonjwa hospitalini asipotaka, lakini pale tu penye hatari ya madhara makubwa na pasipo njia nyepesi zaidi ya kumtunza. Mgonjwa ni lazima aelezwe haki zake, na shauri lake lipelekwe mbele ya baraza huru. Mgonjwa aliyezuiliwa hapewi tiba ya umeme bila idhini ya baraza hilo.

Hata hivyo, baraza hilohilo laweza kuamuru mtu atibiwe akiwa nyumbani kwake, kwa muda usiozidi miezi 12, apende asipende.