Kompyuta mpakato kuukuu: kipi cha kuchomeka, kipi cha kuongeza

KUSITISHWA kwa huduma za mfumo endeshi wa Windows 10, kulikofanywa na kampuni ya Microsoft Oktoba 14, 2025, kumewaweka njia panda watu wengi wanaomiliki kompyuta mpakato za miaka ya nyuma. Mashine inawaka, betri inashika chaji kwa saa moja au mbili, lakini masahihisho ya usalama hayaji tena, na kila faili linafunguka kwa taabu.

Kwa mkaazi wa Tibirinzi, mtaa wa mjini Chake Chake unaofahamika zaidi kwa kiwanja chake cha kufurahishia watoto, suala hilo lina uzito wa ziada. Sehemu kubwa ya kompyuta mpakato zinazotumika kisiwani Pemba hufika zikiwa zimeshatumika kwingine. Hupitia Dubai, zikauzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Darajani mjini Unguja, ndipo zikapanda boti kuelekea bandari ya Mkoani.

Vipuri navyo hufuata njia hiyo hiyo. Mtu wa Kariakoo aliyenunua kipande cha kumbukumbu kisichoingia katika mashine yake hurudi dukani kwa miguu siku ya pili. Mtu wa Tibirinzi hulazimika kukikabidhi kwa msafiri, akasubiri jibu la muuza duka, kisha akasubiri boti nyengine. Mara nyingi fedha hiyo huwa imepotea, na kama ilitokana na msimu wa karafuu, nyengine haitapatikana mpaka msimu ujao.

Ndiyo maana hatua ya kwanza haipaswi kuwa kununua bali kuisoma mashine yenyewe. Katika Windows, kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc hufungua dirisha ambalo, chini ya sehemu ya utendaji, linaonesha aina ya prosesa, kiasi cha kumbukumbu, kasi yake, na idadi ya nafasi zilizotumika na zilizobaki. Maelezo hayo yaandikwe kwenye karatasi au yapigwe picha, pamoja na namba kamili ya toleo iliyobandikwa chini ya mashine. Muuza duka aliyeambiwa "ni HP nyeusi" hana la kufanya ila kubahatisha.

Kabla ya kuzungumzia vipuri vya ndani, umeme unastahili nafasi yake. Hadi mwaka 2010 Pemba ilitegemea jenereta za dizeli zilizokuwepo Wesha. Mwaka huo ndipo waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, wenye msongo wa kilovolti 33 na uwezo wa megawati 20, ulipoanza kuleta umeme wa gridi ya Taifa kwa msaada wa Serikali ya Norway. Umeme huo ulibadilisha maisha ya kisiwa, lakini kukatika na kurejea kwa ghafla ni mambo ambayo mtumiaji wa kompyuta popote nchini hana budi kuyazingatia.

Kompyuta mpakato ina nafuu kwa kuwa betri yake huibeba pale umeme unapokatika. Chaja nyingi huandikwa kuwa zinapokea volti 100 hadi 240, hivyo kushuka kwa msongo kwa kiasi hakuzidhuru. Hatari kubwa ni ule wakati umeme unaporejea kwa kishindo. Kuchomoa chaja umeme ukatikapo, na kusubiri dakika chache baada ya kurudi, hakugharimu chochote.

Vifaa vya nje havina nafuu hiyo. Printa ya leza, kwa mfano, hupasha joto mtambo wake wa ndani kila inapoanza kuchapa, na kwa muda huo huvuta mamia ya wati. Kuichomeka kwenye UPS ndogo iliyokusudiwa kompyuta ni kuiua UPS hiyo.

Kuhusu chaja, kanuni ni moja na haina mjadala: volti zilingane na zilizoandikwa kwenye mashine, na ampea zisiwe pungufu. Chaja ya volti 19 na ampea 3.42 hutoa wati 65. Ile ya volti 19 na ampea 4.74 hutoa wati 90, na yaweza kutumika mahali pa ya kwanza bila madhara endapo kichwa chake kinaingia. Kinyume chake hakifai. Aidha, chaja za Dell zina sindano nyembamba katikati inayoitambulisha chaja kwa mashine. Sindano hiyo ikivunjika au chaja ikiwa ya bandia, kompyuta huwaka lakini betri haijai na prosesa hupunguza kasi, na mwenye mashine akaishia kubadilisha betri isiyo na kosa lolote.

Yakija masuala ya kuunganisha vifaa, tundu la USB ndilo mlango mkuu. Toleo la 2.0, lililotolewa mwaka 2000, hupitisha megabiti 480 kwa sekunde. Toleo la 3.0 la mwaka 2008 hupitisha gigabiti 5. Kwa kawaida tundu la 3.0 huwa na ulimi wa buluu ndani, ingawa si watengenezaji wote wanaofuata desturi hiyo. Kipanya na kibodi havijali tofauti hiyo hata kidogo, lakini diski ya nje inaijali sana.

Tofauti nyengine isiyosemwa sana ni ya nguvu ya umeme. Tundu la 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500, na la 3.0 miliampea 900. Diski ya nje inayotoa sauti ya kugonga na kupotea kila baada ya muda, mara nyingi haijaharibika. Ina njaa ya umeme. Hali huwa mbaya zaidi inapochomekwa kwenye kigawanyo cha USB pamoja na kipanya, modemu na simu inayochajiwa, kwani vyote hugawana tundu moja. Dawa yake ni kigawanyo chenye chaja yake, au kuiacha diski peke yake kwenye tundu la mashine.

Tundu jipya la USB-C, ambalo umbo lake lilitangazwa mwaka 2014, limeleta utata wa aina yake. Umbo ni moja lakini uwezo si mmoja. Lipo linalopokea chaji na kupeleka picha kwenye skrini, na lipo linalohamisha mafaili tu. Alama zilizochorwa pembeni mwa tundu husaidia, lakini maelezo ya mtengenezaji kwa toleo husika ndiyo ya kuaminiwa.

Walimu na watoa mada hukutana na tatizo jengine. Projekta nyingi za zamani zina tundu la VGA, mfumo uliobuniwa mwaka 1987 na kampuni ya IBM, ilhali kompyuta za karibuni zina HDMI pekee. HDMI husafirisha picha kwa tarakimu, VGA kwa mawimbi. Kwa hiyo waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili hauwezi kufanya kazi, hata uuzwe kwa bei gani. Kinachohitajika ni kigeuzi chenye saketi ndani yake. Baada ya kuunganisha, vitufe vya Windows na P hubonyezwa pamoja ili kuchagua picha itokee wapi. Mafunzo mengi yamechelewa kuanza kwa kukosa kujua vitufe hivyo viwili.

Flashi nazo zina vituko vyake. Zipo zinazoandikwa ukubwa wa kutisha ilhali ndani mna nafasi ndogo mno. Hupokea mafaili bila kulalamika, kisha yakaonekana majina tu yasiyofunguka. Flashi mpya ijazwe hadi mwisho na mafaili yafunguliwe kabla haijakabidhiwa kazi ya maana. Na ile inayokataa kupokea video ya harusi huku ikiwa na nafasi tele, kwa kawaida imepangwa kwa mfumo wa FAT32 usiokubali faili linalozidi gigabaiti 4. Kuipanga upya kwa exFAT humaliza tatizo, mradi vilivyomo vihamishwe kwanza kwa kuwa hufutika.

Sasa ndani ya mashine. Anayemiliki kompyuta yenye hardi diski ya kuzunguka na kumbukumbu ya gigabaiti 4, na fedha zake zinatosha kitu kimoja tu, anunue diski ya SSD. Wengi huanza na kumbukumbu kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka kutajwa, lakini si hapo penye kero kubwa. Hardi diski za kompyuta mpakato kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kila faili linapotakiwa, kichwa cha kusomea lazima kisogee na kisubiri sahani ifike. SSD haina kinachozunguka, na hufikia faili kwa sehemu ndogo mno ya muda huo. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huweza kuwaka ndani ya nusu dakika.

Mashine yenye nafasi ya diski ya inchi 2.5 huchukua SSD ya SATA bila shida. Zenye nafasi ya M.2 ndizo za kuwa nazo makini, kwani vipande vyembamba vinavyofanana hugawanyika katika makundi mawili, SATA na NVMe, na mashine nyengine hukubali kundi moja tu. Kabla ya kubadilisha, mafaili yote yanakiliwe pembeni, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, namba ya kuifungulia itafutwe na kuandikwa. Diski ya zamani haitupwi. Ikiwekwa ndani ya kasha la USB inakuwa diski ya nje.

Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM, inafuata. Vipande vya kompyuta mpakato ni vifupi kuliko vya kompyuta za mezani, na kila kizazi kina pengo lake mahali tofauti: DDR3 ina pini 204, DDR4 260, DDR5 262. Kimoja hakiingii katika nafasi ya kingine, na kulazimisha ni kuvunja. Mtego mkubwa uko kati ya DDR3 ya volti 1.5 na DDR3L ya volti 1.35, kwa kuwa hizo mbili zinafanana kwa umbo. Mashine nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2013 zinataka DDR3L pekee. Zikipewa nyengine haziwaki. Zipo pia ambazo kumbukumbu imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki kabisa, hasa zile nyembamba.

Anayekusudia kununua DDR4 au DDR5 ajiandae pia kwa bei. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025 kumbukumbu zilipanda bei duniani kote baada ya watengenezaji kuelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji wao kwenye vituo vya akili mnemba.

Hata hivyo, kuna kikomo ambacho bisibisi haikivuki. Windows 11 inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha 8 cha mwaka 2017. Kizazi husomwa kwenye jina: i5-8250U ni cha 8, i5-7200U ni cha 7. Katika kompyuta mpakato za miaka hiyo prosesa imechomelewa, hivyo yenye kizazi cha 7 itabaki nacho hata ikiongezewa kila kitu kingine.

Hiyo si sababu ya kutupa jongoo na mti wake. Microsoft ilitangaza utaratibu wa kuwaongezea watumiaji binafsi wa Windows 10 masahihisho ya usalama kwa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Njia nyengine ni Linux, ambayo haidai malipo na matoleo yake kama Ubuntu na Mint yanaendelea kupokea masahihisho. Wala si jambo geni nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Anayehama ahakikishe kwanza kuwa printa yake inakubaliwa, na kwamba programu anazolazimishwa na kazi yake zipo.

Anayefungua mashine mwenyewe aizime kabisa, achomoe chaja, kisha aondoe betri au achomoe waya wake kwenye bodi kabla ya kugusa chochote. Misumari ipangwe kwa mpangilio ilikotoka, kwani haina urefu mmoja, na mrefu ukiingia pa mfupi hutoboa bodi. Kutu ya kijani kwenye vichwa vya waya ni jambo la kawaida kwa mashine iliyokaa karibu na bahari, na husafishwa kwa spiriti kavu na mswaki laini.

Betri iliyovimba ni habari nyengine. Dalili zake ni kiguso cha kipanya kinachopanda juu au kifuniko kisichofunga. Betri hiyo isitobolewe, isikandamizwe na isichajiwe tena. Mashine izimwe na fundi aitoe. Na anayeagiza betri mpya kwa ndege hadi kiwanja cha Pemba amtahadharishe mbebaji wake kuwa betri ya ziada ya lithiamu hairuhusiwi katika mizigo ya tumboni. Hubebwa mkononi, vichwa vyake vimefunikwa, na isizidi wati-saa 100, kiwango ambacho betri nyingi za kompyuta mpakato hazikifikii.