Mshale wa Pili Matangani

Mzee wa Isukha au Idakho, jamii za Kakamega nchini Kenya, akifariki, ngoma za isukuti hulia na mafahali huongozwa kwa nyimbo hadi bomani kwake. Hiyo ndiyo shiremba. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mgeni hudhani ni sherehe, lakini aliyefiwa anajua kwamba kelele zile zinamkinga, asiachiwe usiku mzima na mawazo yake.

Shiremba, hata hivyo, ni heshima ya mzee aliyekula chumvi nyingi. Jioni ya tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikanyagana kwenye ngazi wakitoka madarasani, na watoto 14 wakafa. Kwa msiba wa namna hiyo mila haikuwa imejiandaa. Naamini Ubuddha, ambao wengi wetu tunaujua kwa sanamu tu, una neno la kutuambia hapo.

Masimulizi ya Kibuddha yanamtaja Kisa Gotami, mama wa mji wa Savatthi huko India, aliyezunguka amembeba mwanawe aliyekufa akimtafutia dawa. Buddha hakumhubiria. Alimtuma alete punje za haradali kutoka nyumba ambayo haijapata kufiwa. Haradali alipewa kila alikobisha hodi. Nyumba isiyofiwa hakuiona. Kwa kawaida hadithi hii hufundishwa ili kuonyesha kwamba kila mtu atakufa. Lakini mama yule hakuwa mjinga wa jambo hilo. Alichohitaji ni kukutana na waliolia kama yeye, na agizo la Buddha lilimpitisha kwao mmoja mmoja. Huku kwetu majirani ndio humwendea mama. Wanakuja na kuni, unga na sukari, na wanawake wengine hulala naye sakafuni hadi siku ya mazishi. Sioni ibada iliyo kubwa kuliko hiyo.

Katika mafundisho yaitwayo Sallatha Sutta, Buddha anaeleza habari ya mtu aliyechomwa mshale, kisha akachomwa wa pili. Wa kwanza ni uchungu wenyewe, ambao hakuna binadamu anayeukwepa. Wa pili ni ule ambao moyo huongeza juu yake. Matangani mimi huuona pale mtu anaponong'ona jina la jirani kuwa ndiye aliyeroga, au familia inapouza kipande cha shamba ili ilishe umati isije ikachekwa. Na disko matanga, yaani dansi ya usiku kucha penye msiba, ambayo serikali imeipiga marufuku mara nyingi, imeshamsahau kabisa aliyefiwa.

Ila fundisho hili lisitumiwe kumnyamazisha mtu. Machozi ya mzazi yana haki yake. Wala kuuliza jinsi ngazi zilivyojengwa, na nani alipaswa kuwasimamia watoto, si kujichoma mshale wa pili. Katika Kweli Nne ambazo Ubuddha umejengwa juu yake, mara tu baada ya kukiri kwamba mateso yapo, inayofuata ni kutafuta chanzo chake. Anayewaambia wazazi waliofiwa waache maswali kwa sababu ni mapenzi ya Mungu hatapata msaada kwa Buddha.

Jambo la mwisho nalitoa kwa Wasinhala wa Sri Lanka, ambao wazee wao walianzisha hekalu la Kibuddha huko Upanga, Dar es Salaam, enzi za ukoloni. Katika mazishi yao, jamaa humimina maji kikombeni hadi yafurike huku watawa wakiimba, na thawabu za wema wao wakimpa marehemu. Kisha watawa hulishwa kwa jina lake siku ya saba, miezi mitatu baadaye, na tena mwaka ukitimia, na kila mara jamaa na majirani hurudi nyumbani kwa mfiwa. Kakamega tunajua sana kujaa kabla ya mazishi. Baada ya hapo viti na mahema ya kukodi hurudishwa kwa wenyewe, na mama ambaye wenzake walilala naye sakafuni wiki nzima anaweza kumaliza mwezi bila kubishiwa hodi. Miezi hiyo mitatu ya Wasinhala tungeweza kuianza bila hekalu wala mtawa.