Breki za Land Rover ya zamani zikipata moto: tafuta chanzo kabla ya safari nyingine

Umeteremka kutoka Lushoto hadi Mombo na mzigo wa viazi. Ukisimama, gurudumu moja linanuka kuungua na pedali ya breki inazama karibu na sakafu. Usiendelee na safari. Leo tunaeleza namna ya kutafuta chanzo kwenye Land Rover Series II na Series III, zenye breki za dramu magurudumu yote manne.

Kwa nini joto ni hatari?

Ndani ya kila dramu, breki shuu mbili husugua ukuta wake. Dramu ikipata moto sana hutanuka na kuziacha shuu, nazo shuu hupoteza mshiko. Mafuta ya breki pia huweza kuchemka. Mafuta mapya ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakinyonya unyevu kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka, mvuke huingia kwenye mabomba na pedali hulegea.

Ni moja au yote?

Acha breki zipoe zenyewe. Usimwagie maji, dramu inaweza kupasuka. Kisha endesha kidogo kwenye tambarare, simama, na usogeze kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa.

Kama zote zina moto, kagua pedali. Lazima icheze kidogo kabla ya kuanza kusukuma. Isipocheza, masta silinda haiachii mafuta yarudi.

Kama ni gurudumu moja, liinue kwa jeki. Hapa tunasisitiza: handibreki ya gari hili hushika shafti inayotoka kwenye gia, haishiki magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, gari linaweza kubiringika hata handibreki ikiwa imevutwa. Weka mawe au magogo kwenye magurudumu yaliyobaki chini, mbele na nyuma, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa gumu, legeza nati ya kutolea upepo:

- Likizunguka kwa urahisi, mafuta yalikuwa yamenaswa. Shuku mpira wa breki uliovimba ndani.
- Likibaki gumu, kuna kitu kimekwama: shuu zimekazwa mno, springi imekatika au silinda ya gurudumu imeshika kutu. Kagua pia beringi.

Kabla ya kufungua springi, piga picha kwa simu ili urudishe kila kitu mahali pake. Vumbi la shuu za zamani huweza kuwa na asbesto, inayodhuru mapafu. Usilipulize, lifute kwa kitambaa chenye maji.

Wakati wa kurekebisha, kaza hadi gurudumu lishike, kisha legeza kidogo kidogo hadi lizunguke bila kukwaruza. Toa upepo, ongeza mafuta ya breki. Usiweke oili ya injini wala dizeli hata tone, maana huharibu mipira yote.

Kama magurudumu yote yanazunguka vizuri na bado breki zinachemka mlimani, tazama uendeshaji. Ingiza gia nzito kabla ya kuanza kuteremka, injini ishikilie gari. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha iachie ipoe. Na mzigo ukizidi, punguza magunia.