Siku Moja Bruges, Bila Haraka

Wengi wetu tukisikia safari ya wapenzi Ulaya tunawaza Paris tu. Mimi nakwambia, mpenzi msomaji, jaribu Bruges, mji wa mifereji kaskazini-magharibi mwa Ubelgiji. Kutoka Brussels ni mwendo wa kama saa moja kwa treni, na ukishuka huhitaji teksi. Unatembea.

Mume wangu alikuwa anamalizia masomo Brussels, na tulikuwa hatujaonana miezi saba. Kuna jambo tulikuwa tunalizunguka kwenye simu: alikuwa amepata kazi huko huko. Chumbani kwake, na wenzake wanaingia na kutoka, lisingezungumzika. Basi tukapanda treni.

Zamani Bruges ilijaa wafanyabiashara kutoka kila kona ya Ulaya. Kisha mkono wa bahari wa Zwin ukajaa mchanga, biashara ikahamia Antwerp, mji ukasinzia. Usingizi huo ndio uliouokoa, maana majengo mengi ya kale yalibaki, na mwaka 2000 UNESCO ikaliingiza eneo la katikati kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Tulianza na mnara wa kengele, ngazi 366. Jamani, si mchezo! Dada, viatu virefu viache hotelini. Tukala chipsi za moto pale chini, tukapanda boti, kisha tukaingia Kanisa la Bikira Maria, ilipo sanamu ya Michelangelo ya Maria na mwanawe. Ilichukuliwa na Wafaransa mwaka 1794, na Wajerumani mwaka 1944, na mara zote mbili ikarudi. Mume wangu aliitazama muda mrefu, kimya.

Tuliongea Minnewater, wanakopaita Ziwa la Mapenzi, batamaji wakipita mbele yetu. Akasema anaitaka ile kazi. Nikamwambia nami naitaka yangu, na iko Dar. Hakuna aliyepandisha sauti, hakuna aliyeshika simu. Tukaanza kupiga hesabu: mkataba wa miaka miwili, nauli ya ndege, kodi ya nyumba mbili. Na mtoto tunayemtaka, naye asubiri? Hilo ndilo lililokula alasiri nzima.

Treni za kurudi Brussels zipo mpaka usiku, kwa hiyo tukaacha mbili zipite. Tulipopanda ya tatu tulikuwa tumekubaliana: ataomba mkataba wa mwaka mmoja, na mtoto hasubiri.