Bunduki ya Kasiba za Kubadilisha katika Mapori ya Unyamwezi

Unyamwezi ni miongoni mwa nchi za bara zilizoijua bunduki tangu zamani, kwa kuwa misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na kupumzika Tabora ambako wasafiri Burton na Speke walifika mwaka 1857, haikuchukua nguo na shanga peke yake, bali ilichukua pia magobore na baruti. Na ni kwa magobore hayo Mtemi Mirambo na rugaruga, yaani wapiganaji wake, walivyoweza kuifunga njia ile dhidi ya Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871. Lakini aghalabu ya silaha hizo zilikuwa masalia ya majeshi ya Ulaya, yaliyokwisha kupata bunduki za kupakiwa nyuma. Na mataifa makubwa yalipokutana Brussels mwaka 1890 yalikataza bunduki za namna hiyo mpya, na zile zenye mifuo ndani ya kasiba, zisiingizwe katika sehemu hii ya Afrika. Basi suala la chombo bora na thamani yake si geni katika nchi hii, na leo limerudi kwa sura nyingine, maana wageni wanaokuja kuwinda nyati katika mapori ya akiba kama Moyowosi na Rungwa huja na bunduki za Kijerumani ambazo bei yake ni euro elfu kadhaa, kabla hata ya darubini na kasiba ya pili.

Mashuhuri kati ya hizo ni Blaser R8, iliyotoka mwaka 2008 katika mji wa Isny, kusini mwa Ujerumani, nayo ina ndugu zake kama Mauser M03 na Sauer 404. Mwenye bunduki hii hulegeza skrubu mbili chini ya kitako, akainua kasiba pamoja na darubini iliyoketi juu yake, akaweka kasiba nyingine ya risasi kubwa zaidi, akabadilisha na kichwa cha bolti, kwa sababu tako la risasi ya .308 lina upana wa milimita 12 hivi, ilhali la .375 lakaribia milimita 13 na nusu. Siri ya umbo hili ni kwamba kichwa cha bolti kina pete ya vidole vya chuma ambavyo hutanuka na kushika ndani ya mfereji uliochongwa nyuma ya kasiba yenyewe, hata nguvu yote ya mlipuko ikabebwa na kasiba na bolti, na mwili wa bunduki usiwe na kazi kubwa ya kubeba. Na kwa kuwa darubini imefungwa juu ya kasiba, shabaha yake huondoka nayo na kurudi nayo. Ni ufundi wa hali ya juu, wala sioni sababu ya kuubeza.

Hata hivyo Wajerumani hao hao walikwisha kutoa jawabu jingine zamani, na kwa bei ndogo. Mwaka 1905 Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin, alibuni risasi ya milimita 9.3 kwa urefu wa 62, akiwakusudia walowezi na wawindaji wa Kijerumani katika makoloni ya Afrika, nayo aliipima makusudi iingie katika bunduki ya Mauser ya mwaka 1898 bila kuhitaji mwili mrefu wa gharama. Bolti ya Mauser ile ina meno mawili mbele na la tatu nyuma kwa tahadhari, ina matundu ya kutolea moshi endapo ganda litapasuka, na ina ukucha mpana unaoikamata risasi mara tu itokapo ghalani na usiiachie mpaka ganda limetupwa nje. Wawindaji wengi wa kazi katika Afrika ya Mashariki walishika bunduki za nasaba hiyo, zikiwemo za Brno kutoka Chekoslovakia, wakatumia kasiba moja maisha yao yote.

Sasa tuipime kwa hesabu tofauti ya shabaha kati ya bunduki ya ghali na ya kawaida. Tuchukulie bunduki ya ghali hutawanya risasi zake sentimita 3 kwa umbali wa mita 100, na ya kawaida hutawanya sentimita 6, maradufu kamili; na tuchukulie mpigaji aliyetembea tangu alfajiri, anayehema na kuegemeza bunduki juu ya vijiti vitatu, hutawanya sentimita 15 kwa mtetemo wa mwili wake. Makosa mawili yasiyotegemeana hayajumlishwi kama shilingi kwa shilingi: kila moja hutafutiwa kipeo chake cha pili, vipeo vikajumlishwa, kisha jumla ikatafutiwa kipeuo. Kwa bunduki ya kwanza tunapata sentimita 15.3, kwa ya pili 16.2, tofauti haifiki sentimita moja. Na katika miombo, kati ya mitundu na mininga, ambako macho hayapenyi mbali, nyati hupigwa aghalabu kwa umbali usiofika mita 100, hivyo tofauti hiyo nayo hupungua. Kosa kubwa limo kifuani na mabegani mwa mtu, wala hakuna kiwanda kinachoweza kuuza dawa yake. Dawa ni mazoezi, na mazoezi hula risasi nyingi. Mtu aliyemaliza fedha zake katika chuma akabakiwa na za kununulia kisanduku kimoja cha risasi amefanya biashara mbaya.

Liko pia jambo la joto. Baruti iliyopata moto huungua kwa kasi zaidi, shinikizo likapanda, na ganda la shaba likatanuka na kung'ang'ania kuta za chumba chake. Ndiyo maana risasi ya .375 iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912 ilipewa ganda lenye mteremko dhahiri, ili likisogea kidogo tu nyuma liwe limekwisha kubanduka. Bolti ya Mauser, mkono wake unapoinuliwa, huvuta ganda kwa nguvu ya mzunguko kama skrubu kabla haijarudi nyuma. Bolti ya kuvutwa moja kwa moja, kama ya Blaser, ina wepesi mkubwa wa kupakia tena, lakini nguvu yake ya kubandua ganda lililokwama ni haba. Mwezi wa Oktoba, Tabora inapokuwa katika joto lake kali, risasi zilizoachwa juu ya bati la gari zitaudhihirisha udhaifu huo, na dawa yake ni rahisi: risasi zikae kivulini.

Je, kasiba za kubadilisha hazina faida? Zina faida kwa msafiri anayetoka mbali kwa ndege, ambaye katika safari moja atataka kumpiga palahala kwa risasi nyepesi na nyati kwa .375, kiwango cha chini kinachokubaliwa Tanzania kwa wanyama wa hatari. Huyo hubeba sanduku moja fupi na mkono wake hukutana na kitako na kifyatulio kile kile alichokizoea. Lakini mkazi wa Sikonge au Kaliua mwenye leseni yake hana safari hiyo, na kasiba moja ya wastani yamtosha kwa karibu kila mnyama atakayeruhusiwa kumpiga. Tena nafasi yake ya kuwinda imepungua, maana Ugalla, ambako wengi waliwinda, ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2019.

Sehemu moja ya bunduki hizi, hata hivyo, naiona yastahili kila senti. Katika Mauser ya kale, risasi ikiwa chumbani na bolti imefungwa, springi imekwisha kukazwa, na kinachoizuia ni kidude cha usalama tu. Katika R8 na wenzake springi hubaki imelala mpaka mpigaji aikoki kwa kidole gumba wakati huo huo anapotaka kupiga, na asipopiga huilaza tena. Wanaosifu bunduki humtaja mwenye kuishika. Mimi namfikiria mfuata nyayo, kijana wa Kinyamwezi atembeaye hatua tatu mbele ya mgeni aliyechoka, macho yake yakiwa kwenye nyasi zilizolala na tone la damu, na mdomo wa kasiba ukiwa nyuma ya mgongo wake saa nzima. Mgeni akijikwaa katika mzizi, springi iliyolala haiwezi kumuua yeyote. Ningependa viwanda vitengeneze kifaa hicho katika bunduki ya kasiba moja, ya bei ambayo askari wa wanyamapori na mwindaji wa kijijini waweza kuimudu, kabla ya kubuni kasiba nyingine ya kumuuzia tajiri.